Kabureta Iliyoganda: Kemia na Fizikia ya Gari Lililowekwa Juu ya Mawe

Mada zinazopitiwa katika somo hili: misombo ya kaboni, kasi ya mmenyuko, utendaji wa metali, kuelea, kanieneo, sheria za gesi na uchafuzi wa mazingira.

Watahiniwa wengi huzikariri mada hizi moja moja, kila moja na ukurasa wake, kisha hukwama swali linapoleta kitu halisi na kuuliza "eleza kwa nini". Somo hili linachukua kitu kimoja halisi na kukipitia mpaka mwisho. Mtihani wa Kemia na wa Fizikia utaujibu kwa Kiingereza, lakini jambo lisiloeleweka kwanza kwa lugha unayoifikiria halielezeki vizuri kwa lugha yoyote. Soma hapa, elewa, kisha rudi kwenye daftari lako uandike hoja zilezile kwa lugha ya mtihani.

Kitu chenyewe ni kabureta. Katika Wilaya ya Kilosa, kuanzia Mikumi iliyo kando ya barabara kuu ya Dar es Salaam–Iringa hadi maeneo ya mashamba ya mkonge ya Kimamba, si ajabu kukuta gari la zamani la petroli limewekwa juu ya mawe miaka kadhaa. Tuchukue mfano wa Land Rover Series III yenye injini ya petroli ya silinda nne, lita 2.25, na kabureta ya Zenith. Mwenye gari amepata betri nzuri na plagi mpya. Anapiga stata, injini inazunguka, haiwaki. Akivuta choki na kujaribu tena, inawaka kwa kukohoa. Akirudisha choki, inazima. Fundi anafungua kabureta na kukuta bakuli lake limefunikwa utando wa rangi ya chai ya rangi iliyokolea, umeshika kama ukoko chini ya sufuria, na harufu yake si ya petroli tena bali ya vanishi iliyochacha.

Mwanafunzi akiulizwa utando huo ni nini, jibu la kwanza ni "uchafu". Jibu hilo ndilo la kuondoa leo. Uchafu ni kitu kilichotoka nje kikaingia. Utando huu haukutoka nje. Umetengenezwa mlemle ndani, kutokana na petroli yenyewe, kwa mmenyuko wa kemikali. Ukilielewa hilo, mambo yote yanayofuata (usafishe kwa nini, usisafishe kwa nini, uanzie wapi) yanajieleza.

Gundi ilitoka wapi?

Petroli si kitu kimoja. Ni mchanganyiko wa haidrokaboni nyingi, nyingi zikiwa na atomi za kaboni kati ya 4 na 12, na huchemka katika nyuzijoto zinazoanzia karibu 30 hadi karibu 200 za Selsiasi. Ndani yake mna alkani, ambazo ni tulivu, na mna pia kiasi cha alkeni, ambazo zina kifungo maradufu kati ya kaboni na kaboni. Kumbuka ulichosoma Kidato cha Nne: kifungo maradufu ndicho mahali pa alkeni panaposhambuliwa.

Gari linapolala, mambo mawili hutokea kwa pamoja. La kwanza ni la kifizikia: molekuli nyepesi huvukiza na kuondoka. Bakuli la kabureta lina tundu la kupitisha hewa, kwa hiyo haliwezi kuzizuia. Zinazobaki ni nzito, na hizo nyepesi zilizoondoka ndizo zilizokuwa zikisaidia injini kuwaka ikiwa ya baridi. La pili ni la kikemia: oksijeni ya hewa hushambulia alkeni na kutengeneza misombo isiyo tulivu iitwayo peroksaidi. Hizi huanzisha mnyororo. Molekuli moja hushikana na nyingine, hiyo na nyingine tena, mpaka yanatokea mamolekuli makubwa yasiyoweza kuvukiza wala kubaki yameyeyuka. Hayo hutua chini na kushika kwenye metali. Mmenyuko huu unafanana na ule unaoujua wa etheni kuwa polithini:

n CH₂=CH₂ → –(CH₂–CH₂)ₙ–

Angalia tofauti moja, maana mtahini makini anaweza kuiulizia. Polithini ina kaboni na haidrojeni peke yake. Gundi ya petroli ina pia oksijeni ndani ya molekuli zake, kwa sababu oksijeni ilishiriki kuitengeneza. Kwa hiyo neno moja la "upolimishaji" halitoshi. Sema uoksidishaji ukifuatiwa na upolimishaji. Oksijeni hiyo tutaihitaji tena tukifika kwenye vimiminika vya kusafishia.

Viwanda huweka katika petroli kemikali za kuzuia uoksidishaji, lakini hizo huisha kadiri zinavyofanya kazi. Petroli iliyofungwa vizuri kwenye chombo safi, mahali pa baridi, hukaa muda mrefu. Iliyo kwenye bakuli lenye tundu, kiasi chake kikombe kimoja au pungufu, huharibika ndani ya miezi michache.

Joto nalo huharakisha. Kwa mimenyuko mingi kasi huongezeka karibu maradufu kwa kila ongezeko la nyuzi 10. Chukua petroli mbili zilizo sawa, moja kwenye stoo yenye nyuzi 25, nyingine chini ya boneti ya gari lililoachwa juani ambako joto limefika nyuzi 45. Tofauti ni nyuzi 20, yaani kuongezeka maradufu mara mbili: ya juani itaharibika kwa kasi mara nne hivi. Shaba iliyomo kwenye jeti nayo huwa kichocheo cha uoksidishaji huo. Ndiyo sababu gundi hupenda kukaa palepale tusipotaka ikae.

Tundu dogo, hesabu kubwa

Kabureta hainyonyi petroli, ingawa ndivyo tunavyosema mitaani. Pistoni inaposhuka, hewa huvutwa kupitia koo la kabureta, mahali palipobanwa. Hewa ikipita mahali pembamba huongeza mwendo, na mwendo ukiongezeka kanieneo hupungua. Bakulini, juu ya petroli, kuna kanieneo ya angahewa. Petroli husukumwa kutoka penye kanieneo kubwa kwenda penye ndogo, kupitia tundu dogo la shaba nyeupe ya manjano linaloitwa jeti, kisha hunyunyizwa hewani. Jeti ndiyo inayopima kiasi.

Inatakiwa kupima kiasi gani? Tumia oktani kuwakilisha petroli:

2C₈H₁₈ + 25O₂ → 16CO₂ + 18H₂O

Tungamo la oktani ni 2 × 114 = 228 g. Tungamo la oksijeni ni 25 × 32 = 800 g. Hewa ina oksijeni karibu asilimia 23 kwa tungamo, kwa hiyo hewa inayohitajika ni 800 ÷ 0.23 = 3478 g. Gawanya: 3478 ÷ 228 = 15.3. Gramu moja ya mafuta huhitaji gramu 15 hivi za hewa. Kwa petroli halisi, ambayo si oktani tupu, uwiano unaotumika ni 14.7 kwa 1.

Sasa weka gundi. Tuseme jeti ina kipenyo cha milimita 1.2 na gundi imeshika ukutani kwa unene wa milimita 0.1 tu, unene wa karatasi ya daftari lako. Usikosee hapa: gundi ipo pande zote mbili za kipenyo, kwa hiyo kipenyo kinabaki 1.2 – 0.2 = milimita 1.0. Eneo la duara hufuata mraba wa kipenyo:

(1.0 ÷ 1.2)² = 0.69

Petroli inayopita imepungua kwa asilimia 31. Uwiano wa hewa na mafuta, uliokuwa 15 kwa 1, umekuwa karibu 22 kwa 1. Mchanganyiko mwembamba kiasi hicho hauwaki vizuri kwenye injini ya kawaida ya petroli. Na sasa unajua kwa nini gari letu liliwaka kwa choki tu: choki hupunguza hewa, basi uwiano ukarudi karibu na unapotakiwa ingawa petroli ilikuwa pungufu. Dalili hiyo moja imeshakuambia tatizo lipo kwenye njia ya mafuta, kabla hujashika spana.

Hesabu hiyohiyo inamhukumu anayechokonoa jeti kwa waya wa chuma. Chuma ni kigumu kuliko shaba ya jeti. Ukiikwangua mpaka kipenyo kikawa milimita 1.3, eneo linakuwa (1.3 ÷ 1.2)² = 1.17. Petroli imezidi kwa asilimia 17, moshi mweusi unatoka ekzosi, plagi zinashika masizi, na jeti haiwezi kurudishwa ilivyokuwa. Gundi ingeyeyushwa, shaba iliyokwanguliwa hairudi. Ikibidi kupitisha kitu, tumia unyuzi mmoja laini wa shaba kutoka kwenye waya wa umeme, na upite bila kulazimisha.

Kabla ya kugusa kitu: moto

Tarehe 10 Agosti 2019, eneo la Msamvu mjini Morogoro, kwenye barabara hiyohiyo inayopita Mikumi, lori la mafuta lilipinduka na watu wakaenda kuchota petroli. Ikashika moto. Zaidi ya watu 100 walipoteza maisha. Wengi wa wanaosoma somo hili walikuwa watoto wakati huo, na wapo waliofiwa.

Kemia ya jambo hilo ni ya kuandikwa na kukumbukwa. Petroli hutoa mvuke unaoweza kuwaka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Kwa hali ya hewa ya Kilosa au Mikumi mvuke upo daima. Molekuli zake ni nzito kuliko hewa. Tungamo la moli moja ya oktani ni g 114, la hewa ni g 29 hivi. 114 ÷ 29 inakupa karibu 4. Kwa hiyo mvuke wa petroli haupandi juu ukapotea kama moshi. Hutambaa chini, huingia shimoni, hufuata mteremko, na unaweza kufika kwenye jiko la mkaa lililo hatua nyingi kutoka hapo, kisha moto ukarudi kwa njia ileile. Kazi ya kabureta hufanyika nje, penye upepo, mbali na jiko, sigara na mashine ya kuchomelea, betri ikiwa imetenganishwa. Moto wa petroli hauzimwi kwa maji, maana petroli huelea juu ya maji na kuendelea kuwaka. Tumia mchanga, kizimamoto cha poda au cha povu.

Kuna tabia nyingine inayoonekana kila siku: kunyonya mafuta kwa mdomo kwa mpira ili kuyatoa tangini. Petroli ni kimiminika chepesi mno, na kiasi kidogo kikiteleza kuingia kwenye mapafu husababisha uvimbe mkali wa mapafu. Aliyemeza asitapishwe, kwa sababu akitapika huipitisha njia hiyo ya hatari kwa mara ya pili. Apelekwe hospitali mara moja. Mafuta ya tangi hutolewa kwa kufungua plagi ya chini ya tangi au kwa pampu ndogo ya mkono.

Anzia tangini

Fundi mzuri hutazama tangi kabla ya kabureta. Ukisafisha kabureta ukaacha petroli ya miaka mitatu tangini, umeosha kikombe kisha ukakijaza maji machafu yaleyale. Mwaga ya zamani yote, kagua tangi kwa kutu, badilisha filta, puliza bomba.

Maji nayo hukaa humo. Mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 Mto Mkondoa ulifurika na maji yakaingia mjini Kilosa. Lakini hata bila mafuriko, hewa yenye unyevu huingia kwenye tangi lisilojaa, na usiku wa baridi mvuke hugeuka matone. Densiti ya petroli ni karibu g 0.74 kwa sentimeta moja ya ujazo, ya maji ni 1.00, na viwili hivyo havichanganyiki. Maji hukaa chini. Sasa fikiri jeti kuu iko wapi: chini ya bakuli. Tone dogo la maji lililotua hapo linatosha kuzuia petroli iliyo juu yake isipite.

Maji yakikaa muda mrefu hufanya zaidi ya kuziba. Mwili wa kabureta nyingi ni aloi ya zinki na aluminiamu, na jeti ni aloi ya shaba na zinki. Metali mbili tofauti zinagusana, kati yake maji yenye chumvi kidogo: hiyo ni seli ya umeme. Zinki na aluminiamu ziko juu ya shaba katika mfuatano wa utendaji wa metali, kwa hiyo zenyewe hutoa elektroni na kuliwa, huku shaba ikisalimika. Ule unga mweupe unaoukuta chini ya bakuli ni mabaki ya mwili wa kabureta. Gundi unaweza kuiyeyusha yote. Metali iliyoliwa haiponi, na mashimo yakiwa makubwa kabureta hubadilishwa.

Kusafisha

Piga picha kabla ya kufungua, au chora. Kwenye skrubu ya kurekebisha sailensa, ikaze kwanza taratibu huku ukihesabu mizunguko mpaka iguse mwisho, andika idadi, ndipo uifungue. Usiibane ikishafika, ncha yake ni sindano, itaharibu kiti chake. Jeti zifunguliwe kwa bisibisi inayojaa kwenye mfereji wake, maana shaba ni laini na bisibisi ndogo huila. Ikigoma, usiongeze nguvu. Iache ilowe, jaribu kesho. Subira hapa si hulka ya mtu tu, ni kasi ya mmenyuko: kiyeyushi kinahitaji muda wa kupenya.

Ondoa kila kitu cha mpira na plastiki, pamoja na gasketi, kabla ya kuloweka. Viyeyushi vikali huvimbisha mpira.

Kiyeyushi gani? Wengi huchukua petroli mpya, kwa kuwa ndiyo iliyopo. Inaondoa mafuta na vumbi, ila gundi kavu inabaki karibu ilivyokuwa. Sababu ni ile oksijeni tuliyoiweka akiba. Kanuni inasema kinachofanana huyeyusha kinachofanana. Petroli ni haidrokaboni tupu, haina ncha za chaji. Gundi ina oksijeni, kwa hiyo ina sehemu zenye ncha za chaji, na inahitaji kiyeyushi kinachofanana nayo kwa kiasi fulani, kama asetoni au thina ya rangi, au dawa ya kopo iliyotengenezwa kwa ajili ya kabureta. Loweka saa kadhaa au usiku kucha kwenye chombo cha chuma chenye mfuniko, kisha sugua kwa mswaki wa nailoni. Vaa glavu, vaa miwani ya kukinga macho, hasa unapopuliza kwa kompresa, kwani kiyeyushi hutoka kwenye tundu usilolitegemea na kuelekea usoni.

Kuna wanaoshauri kuchemsha kabureta kwenye magadi makali ya kutengenezea sabuni, na wengine kuitumbukiza kwenye asidi ya betri. Mwanafunzi wa Kidato cha Nne anatakiwa aweze kuwakatalia kwa mlinganyo:

2Al + 2NaOH + 6H₂O → 2NaAl(OH)₄ + 3H₂

Zn + H₂SO₄ → ZnSO₄ + H₂

Aluminiamu na zinki hutenda pamoja na asidi na pia pamoja na alkali kali. Gundi itatoka, ndiyo, na ukuta ilioshika utatoka nayo, huku haidrojeni, gesi inayolipuka, ikijaa juu ya chombo. Maji ya moto yenye sabuni ya vyombo ni salama kwa uchafu wa nje, na mara nyingi watu hawayathamini inavyostahili.

Baada ya kuloweka, kila njia ipulizwe kutoka pande zote mbili. Usiamini macho kwenye njia zilizopinda: pitisha kiyeyushi upande mmoja, angalia kama kinatoka upande wa pili kwa nguvu na kwa mstari ulionyooka. Jeti iinue kuelekea mwanga wa anga, usiielekeze kwenye jua lenyewe. Duara liwe kamili, lisilo na ukingo wa kahawia. Ukiona mwezi mchanga badala ya duara, irudishe ilowe.

Boya

Boya likipanda na petroli husukuma sindano ifunge njia ya mafuta. Likishuka, sindano hufunguka. Gundi ikiishika sindano ikiwa imefunga, petroli haiingii kabisa. Ikiishika ikiwa wazi, petroli hufurika na kudondoka juu ya injini, na hapo turudi kwenye yale ya moto.

Boya lenyewe linaweza kuwa limetoboka. Tuseme boya lina tungamo la g 12 na ujazo wa cm³ 30. Kwa kanuni ya kuelea, tungamo la petroli linalohamishwa ni sawa na tungamo la boya:

ujazo uliozama = 12 ÷ 0.74 = cm³ 16.2

Zaidi kidogo ya nusu iko ndani, iliyobaki inaelea. Sasa petroli g 12 imevuja ndani yake. Tungamo limekuwa g 24, na ujazo unaotakiwa kuzama ni 24 ÷ 0.74 = cm³ 32.4. Boya lina cm³ 30 tu. Litazama lote, halitainua sindano, na kabureta itafurika hata kama imesafishwa ikang'aa.

Tundu la boya linaweza kuwa dogo kiasi cha kutoonekana. Lizamishe boya kwenye maji ya moto, mbali na petroli na mbali na moto. Hewa iliyomo ikitoka nyuzi 27 hadi nyuzi 87, yaani K 300 hadi K 360, kanieneo yake hupanda kutoka kPa 100 hadi kPa 120 ikiwa ujazo haubadiliki. Hewa hiyo itatafuta njia, na viputo vitakuonyesha tundu lilipo. Usipulize boya kwa kompresa, linabonyea.

Mafuta yaliyochoka

Petroli iliyotolewa tangini haichanganywi na mafuta ya taa ili kuiokoa pesa. Taa au jiko la mafuta ya taa likitiwa mchanganyiko huo linaweza kulipuka, na anayelipukiwa mara nyingi ni mtoto anayesoma usiku au mama aliye jikoni. Haimwagwi chooni, kwa kuwa mvuke mzito hukaa shimoni ukisubiri kiberiti. Haimwagwi mtaroni wala mtoni: Mkondoa ni sehemu ya bonde la Wami, na kuna wanaochota maji chini yako. Iwekwe kwenye dumu la chuma lililofungwa na kuandikwa, ipelekwe gereji inayokusanya mafuta machafu.

Swali la mfano

"Injini ya petroli iliyokaa bila kutumika miaka miwili inawaka choki ikivutwa, na kuzima choki ikirudishwa. Eleza chanzo, na ueleze kwa nini kuosha kabureta kwa petroli mpya hakukusaidia." (Alama 6)

Jibu lenye kupata alama zote lingekwenda hivi: Alkeni zilizomo katika petroli zilioksidishwa na hewa, kisha zikapolimishwa kuwa gundi isiyovukiza iliyoshika ndani ya jeti. Eneo la tundu likapungua, petroli ikapungua, mchanganyiko ukawa na hewa nyingi mno. Choki ilipopunguza hewa uwiano ulirudi karibu na unaotakiwa, ndiyo maana injini iliwaka. Gundi ina oksijeni katika molekuli zake na hivyo ina ncha za chaji, wakati petroli haina. Kwa hiyo petroli haiiyeyushi vizuri, na kiyeyushi kama asetoni kingefaa zaidi.

Ona kwamba jibu halitaji neno "uchafu" hata mara moja.

Maswali ya kujipima

1. Jeti yenye kipenyo cha mm 1.5 imeshikwa na gundi yenye unene wa mm 0.15 ukutani. Tafuta asilimia ya eneo lililopotea. (Jibu: 36%)

2. Boya lenye ujazo wa cm³ 25 lina tungamo la g 10. Ni gramu ngapi za petroli yenye densiti ya g 0.74 kwa cm³ zikivuja ndani boya litakuwa ukingoni mwa kuzama? (Jibu: g 8.5)

3. Taja metali mbili zilizomo katika mwili wa kabureta, na kwa milinganyo ueleze kwa nini haifai kuisafisha kwa asidi wala kwa alkali kali.

4. Petroli iliyohifadhiwa kwenye nyuzi 20 huanza kuonyesha gundi baada ya miezi 12. Ukichukulia kwamba kasi huongezeka maradufu kwa kila nyuzi 10, kadiria muda huo kwa nyuzi 40. (Jibu: miezi 3)

5. Fundi anasafisha kabureta kwenye kibanda kilicho juu ya mteremko. Jiko la mkaa la mama lishe liko chini ya mteremko huo. Kwa kutumia tungamo la moli la oktani na la hewa, mweleze fundi huyo kwa nini umbali peke yake haumpi usalama.